Tepu Isiyokuwa na Moja

Kiti cha magurudumu kilikwama mlangoni mbele ya watu wote. Kaka mtu, aliyekikalia, akageuza shingo akasema, "Jamani, nyumba imenikataa hata hodi sijapiga."

Watu wakaangua kicheko. Dada yake aliyekuwa akikisukuma hakucheka. Alikirudisha nyuma, akakisukuma tena kwa nguvu, na magurudumu yakakwaruza mbao mpya za fremu, huku na huku, yakaacha alama kama za makucha. Hakikupita. Mlango ulipungua vidole viwili tu. Lakini vidole viwili vya mlango si vidole viwili vya unga, kwamba utasema leo tupike kidogo.

Dada huyo walimwita Patasi. Jina alipewa na mafundi wenzake, wengine kwa kuwa hakuna aliyemshinda kuchimba tundu la mbao kwa patasi, wengine kwa sababu ya ulimi wake. Mwenyewe aliyakubali yote mawili. Miaka sitini alikuwa ameshaivuka, mgongo umenyooka kama ubao uliokaushwa vizuri, na kati ya mafundi kumi na mmoja wa karakana alikofanya kazi mwanamke alikuwa yeye tu.

Useremala aliupata kwa baba yake, ambaye hakutaka kumfundisha. Baba alimfundisha kaka. Patasi alifagia maranda. Alifagia macho yakiwa juu ya benchi. Kaka alipofika miaka kumi na sita akashikwa na homa iliyomwachia uhai ikachukua miguu, na baba akatazama kulia, akatazama kushoto, akaona hakuna mwingine wa kumpa msumeno. Hakumpa kwa kumpenda. Alimpa kwa kukosa. Na Patasi hakusahau, maana yeye kusahau ni kazi ambayo hakuwahi kufunzwa.

Shule hakukaa. Namba alizozijua ni zile za uso wa saa, moja mpaka kumi na mbili. Zaidi ya hapo zilimpita kama watu asiowajua. Kwa hiyo alikuwa na fimbo yake. Fimbo ya mbao nyeusi, nzito, ndefu kutoka sakafuni mpaka kiunoni, imejaa mikato: huu upana wa kitanda cha mtu mmoja, huu kimo cha meza, huu dirisha. Na mkato mmoja ulikuwa wa mistari miwili iliyopishana. Ule ulikuwa upana wa kiti cha kaka yake, pamoja na nafasi ya vidole vya mikono inayozungusha magurudumu. Aliuchonga siku kiti kilipoletwa. Tangu siku hiyo, kila alipokwenda, zahanati, dukani, msibani kwa watu, aliiweka fimbo mlangoni kwanza. Penye mlango wa kutosha alimpeleka kaka yake. Pasipotosha alisema, "Hapa hawatutaki," akageuka.

Sasa, habari ya vijumba.

Mtaa waliokaa ulikuwa wa vyumba vya kupanga, mstari mmoja mrefu, bati limeota kutu. Ilitoka barua kwamba utavunjwa barabara ipite. Watu wakapiga kelele, kelele zikaisha, akaja kijana mmoja na mchoro. Walimwita Msanifu, maana kazi yake ni kusanifu nyumba. Alikuwa amechora kijumba kidogo cha mbao, kuta zake zinatengenezwa karakanani vipande vipande, kila kipande wanakibeba watu wawili, halafu vinaungwa uwanjani kwa bolti. Ukitaka kuhama unafungua bolti, unahama na nyumba yako kama konokono. Mbao zitoke kwenye makreti na nyumba zilizobomolewa, paa likusanye maji ya mvua yashuke kwenye tangi, na juu ya paa kikae kipande cha sola cha kuwashia taa. Kitanda kinapandishwa ukutani mchana. Ngazi ina droo ndani yake. Vijumba ishirini na vinne, kwenye uwanja ulio nyuma ya ghala la zamani, na sharti likawa jepesi: atakayefanya kazi ya kuvijenga mpaka mwisho, kimoja ni chake. Atakayefukuzwa kazini, jina lake linafutwa.

Siku ya kwanza Msanifu aliwakusanya mafundi awafundishe namna ya kuishi mahali padogo. Patasi alikuwa ameishi na kaka yake miaka thelathini na miwili katika chumba cha hatua tano kwa nne. Humo alikuwa na kabati linaloning'inia darini kwa kamba, na meza inayojikunja akilala. Akasimama palepale na vumbi la mbao kichwani, akimsikiliza mtoto wa nyumba ya vyumba sita akimfundisha kubanana.

"Bibi yangu, umenielewa?" Msanifu akamuuliza.

"Mimi si bibi yako. Ningekuwa bibi yako ungeanza kwa kuamkia."

Hata hivyo kazi aliipenda. Hilo lazima lisemwe. Mchoro ulikuwa mzuri, na Patasi alijua kitu kizuri akikiona, hata kikitoka kwa mtu asiyempenda. Alipewa fremu na milango. Alipewa pia kigezo, ubao wa plaiwudi uliokatwa na Msanifu kwa mkono wake mwenyewe, ili kila mlango ufuatishwe humo. Patasi akaweka fimbo yake juu ya kigezo. Mkato wa kiti ukatokeza nje ya ukingo.

Akaenda nao ofisini, ubao begani. "Huu mlango ni mwembamba. Ulisema kiti kitapita."

Msanifu hakukasirika. Ingekuwa nafuu angekasirika. Alitabasamu, akatoa tepu mfukoni, akaivuta juu ya ubao. "Soma hapa, mama. Themanini. Mchoro unasema themanini, kigezo ni themanini. Kiti cha kaka kina sabini na mbili. Kinapita kinacheza."

Patasi alitazama ile namba. Nane na sifuri, mbali sana na uso wa saa. Akaona haya. Mwanamke asiyemwogopa mtu yeyote akashikwa na haya ya namba, akaubeba ubao akarudi benchi. Alichonga fremu arobaini na nane, ya mbele na ya choo kwa kila kijumba, na kila moja alipoimaliza fimbo ilimwambia mwembamba, mwembamba. Hasira yake kubwa zaidi baadaye haikuwa ya Msanifu. Ilikuwa ya siku ile yeye mwenyewe alipoiamini tepu ya mtu akaidharau fimbo yake.

Ndiyo maana siku ya Jumanne, kijumba cha kwanza kiliposimama, hakungoja kuambiwa. Alimleta kaka yake wazi wazi, watu wakiwa wamejaa, kwa kuwa kijumba namba moja kilikuwa chao. Kiti kikakwama.

Msimamizi wa karakana akaja mbio. Huyu ndiye aliyekuwa na sauti pale, na tumbo lililomtangulia kila mahali. Akainama, akaukagua mlango, akachukua tepu yake ndefu ya kupimia kuta, akapima. "Sabini!" akasema kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu. "Sabini badala ya themanini. Nani kachonga fremu hizi?"

Alijua nani. Kila mtu alijua.

"Nilisema mimi," Msimamizi akaendelea, akiwageukia watu. "Nilisema mtu anayepima kwa mkongojo tusimpe milango. Kazi ya kitaalamu hii! Ijumaa kamati ya jiji inakuja kukagua. Wasiporidhika uwanja unageuzwa maegesho ya magari, nyinyi nyote mnalala barabarani, kwa sababu ya fimbo ya mama mmoja!"

Muuza mkaa, jirani wa ukuta mmoja na Patasi, aliyekuwa akibeba mbao pale ili naye apate kijumba, mwanamke mnene ambaye walikuwa hawapatani tangu zamani kwa habari ya moshi, alipiga makofi mawili. "Ndiyo zake! Kiburi tele, namba hajui."

"Nilifuata kigezo," Patasi akasema.

"Kigezo ni themanini," Msanifu akasema, naye safari hii hakutabasamu. "Mama, nilikuonyesha."

Msimamizi akasema jina lake litafutwa Alhamisi, Ijumaa kamati ikifika ikute aliyekosea ameshaondoka. Patasi akaokota fimbo yake, akashika kiti, akaondoka. Njia nzima hakusema neno. Kaka yake, aliyezoea kusukumwa na maneno yakiporomoka juu ya kichwa chake, akaanza kuogopa.

Walipofika chumbani aliketi juu ya sanduku la vyombo, fimbo magotini.

"Dada."

"Nyamaza."

"Nilitaka kusema tu kwamba ninaweza kupunguza mwili."

"Kilichokwama ni kiti."

"Basi kipunguze kiti. Gurudumu moja linanitosha, niwe kama toroli."

Patasi alikaribia kucheka, akajizuia, maana hasira aliyokuwa nayo alitaka kuitunza. Kaka akasogea karibu. Zamani, kabla macho hayajafifia, alikuwa fundi wa redio, na tabia ya fundi redio ni kuuliza kifaa kabla ya kumuuliza mwenye kifaa.

"Ile tepu aliyokuonyesha ofisini," akasema. "Ndiyo hii hii aliyopimia Msimamizi leo?"

"Ya leo ndefu, ya njano. Ya siku ile ilikuwa fupi, ya kijani, ya mfukoni."

"Tepu mbili, mlango mmoja, majibu mawili. Redio ikisema habari mbili kwa wakati mmoja, dada yangu, kosa si la msikilizaji."

Patasi akainua macho. Akaituliza ile tepu ya kijani mbele ya mawazo yake, akaitazama vizuri safari hii, siyo kule kwenye nane na sifuri alikoonyeshwa, bali upande wa pili, kwenye kichwa chake. Akasimama.

Asubuhi aliingia karakanani kabla hawajawasha msumeno wa umeme. Mafundi wakaacha walichokuwa wakifanya. Akapita katikati yao mpaka meza ya Msimamizi, ambapo Msanifu alikuwa akinywa chai, akaulaza ubao wa kigezo juu ya makaratasi yao.

"Pima."

"Mama, tulishamaliza haya," Msanifu akasema.

"Pima na ile ya kijani."

Akaitoa mfukoni akionyesha kuchoka, akaivuta. "Themanini. Unaona?"

"Kule sikuoni mimi, kule umesomea wewe. Mimi nimesoma saa. Nionyeshe moja."

"Nini?"

"Moja. Tepu inahesabu kuanzia moja. Nionyeshe moja iko wapi."

Msanifu akashusha macho kwenye kichwa cha tepu. Kile kibati cha kunasia mbao hakikuwapo. Ukingo ulikuwa umekatwa kwa mkasi wa bati, umenyooka safi, na namba ya kwanza iliyofuata ilikuwa kumi na moja. Moja haikuwapo. Mbili haikuwapo. Tisa haikuwapo. Tepu ilianzia kumi kama mtu aliyezaliwa ana ndevu.

Karakana ikawa kimya, na kimya kile Patasi alikisikiliza, akakitambua. Hakikuwa kimya cha mshangao. Wenzake walikuwa wanatazama viatu vyao.

"Hii tepu nimeitoa kwenye droo hapa," Msanifu akasema polepole. "Siku niliyokata kigezo. Yangu nilikuwa nimeisahau nyumbani."

"Ile tepu ya kumi," fundi mmoja wa kupaka gundi akanong'ona. "Kila mtu anajua unatoa kumi."

"Kila mtu nani?" Patasi akamgeukia.

Hapo ndipo ilipojulikana. Tepu ilikuwa ya Msimamizi. Ilivunjika kichwa mwaka uliopita, akaikata penye kumi badala ya kununua nyingine, na mafundi wote wakazoea: ukiisoma, toa kumi. Wakaizoea mpaka wakaona ni kitu cha kawaida, kama mlango wa nyumbani ambao lazima uuinue kidogo ndipo ufungwe. Msanifu hakuambiwa kwa kuwa hakuuliza, na hakuuliza kwa kuwa hakuwa na mazoea ya kuongea na mtu pale ila kumwelekeza. Patasi hakuambiwa kwa kuwa hakutumia tepu. Na Msimamizi, jana, alipouona mlango wa sabini, alijua mara moja zile kumi zimekwenda wapi. Alijua, akanyoosha kidole kwa mwanamke.

"Mama Patasi," Msimamizi akaanza, sauti imepungua unene, "mambo haya tuyamalize kiutu uzima..."

"Utu uzima ulikuwa wapi jana? Uliuacha droo gani?"

Lakini subiri, maana lililomchoma zaidi lilikuwa linakuja. Mchana wa siku hiyo walimwita pembeni, wote wawili, wakamwekea kiti, wakamwita "mama yetu". Walikuwa wameshapanga. Muda wa kurekebisha milango yote haupo. Atarekebisha ya kijumba namba moja, kile chake, usiku na mchana, iwe themanini kamili. Kamati itaonyeshwa kijumba kile, na kaka ataingia na kiti watu wakipiga makofi. Hivyo ishirini na vitatu vilivyobaki vitasimama vilivyo.

"Jina lako halitafutwa," Msanifu akasema. "Na ukweli, kwenye vile vingine hakuna mwenye kiti."

"Leo hakuna," Patasi akasema.

"Ndiyo. Leo hakuna."

"Hata baba yangu alikuwa na mtoto mwenye miguu. Asubuhi alikuwa naye."

Hawakuelewa, au walielewa wakaona ni maneno ya wazee. Patasi alirekebisha mlango ule. Aliupanua kwa kipimo cha fimbo, akaupiga randa, akafunga bawaba mpya, kazi safi isiyopitisha hata unywele. Wakadhani amekubali.

Ijumaa, vijumba vyote vikiwa vimeshaungwa, kamati ikaja, watu saba, wamevaa viatu ambavyo havikutarajia vumbi. Mkuu wao alikuwa mama mmoja mfupi mwenye miwani iliyoning'inia kwa uzi. Msanifu akaeleza juu ya maji ya mvua, juu ya sola, juu ya bolti, akaeleza vizuri kweli. Watu wa mtaa walisimama nyuma, maana nyumba zao zote zilikuwa zimening'inia kwenye uso wa yule mama.

"Na sasa," Msanifu akasema, "mkazi wetu wa kijumba namba moja."

Patasi akasukuma kiti. Akakisukuma kuelekea namba moja, akafika mbele ya mlango, akaupita bila kuingia. Akapita namba mbili. Akapita namba tatu. Msimamizi akaanza kumfuata kwa hatua za mtu anayekimbia asionekane anakimbia. Penye namba nne, kile cha muuza mkaa, Patasi akakata kona akakisukumiza kiti mlangoni kwa nguvu zote za mabega yake.

Kishindo chake kilisikika mpaka ghalani.

"Mheshimiwa," kaka akasema kutoka pale alipobanwa, akiunyanyua mkono kama mtoto wa shule, "samahani kwa kutoinuka. Mimi ndiye kizibo cha nyumba hii. Vijumba vya kuzibwa hivi vipo ishirini na vitatu, vizibo havijatosha."

Mama mwenye miwani akaja. Hakucheka. Akapima kwa macho, akauliza, na Patasi akamweleza yote, tepu, droo, kumi, na mpango wa Jumatano. Hakupunguza hata jina la mtu.

"Unajua," yule mama akamuuliza, "kwamba nikiandika hivi, hakuna anayehamia leo? Na wewe chako kiko tayari?"

"Najua. Mimi namba sijui, lakini kuhesabu najua."

Akaandika. Kibali kikazuiwa mpaka milango yote ipanuliwe, wiki tano. Na katika wiki hizo tano watu wa barabara wakaja kuvunja mtaa.

Hakuna aliyemshukuru Patasi. Watu walihamishia magodoro yao ndani ya ghala, familia kumi na nane chini ya paa moja lenye panya, na kila aliyepita alitupa neno. Muuza mkaa ndiye aliyetupa makubwa. "Alikuwa na nyumba yake, akaona vibaya tukipata na sisi! Roho ya korosho hiyo!" Watoto wakajifunza kusema hivyo hivyo. Msimamizi akaondolewa, akaondoka na tumbo lake na tepu yake. Msanifu alibaki, alikuja siku moja akaamkia vizuri, akakaa kwenye benchi akataka kuomba radhi.

"Radhi ya mdomo sina pa kuiweka," Patasi akamwambia. "Chumba changu kimevunjwa. Shika msumeno."

Akaushika. Alikata vibaya mwanzoni. Patasi alimrudisha, akamrudisha tena, mpaka viganja vikatoa malengelenge, naye hakumwambia pole. Lakini akamwazima fimbo.

Siku ya kuhamia, kaka aliingia namba moja mwenyewe, bila kusukumwa, akazunguka katikati ya chumba, akatoka, akaingia tena, mara nne, akidai anauchosha mlango. Patasi hakukaa kumtazama. Alisimama nje na fimbo yake, akikagua wanaohamia, kitanda kwa kitanda, godoro kwa godoro.

Muuza mkaa akaja na gunia kichwani, beseni kubwa kiunoni upande wa kushoto, na mwili wake wote ule wa Mungu. Alipofika namba nne akamwona Patasi. Akasita. Akageuka ubavu, kama mtu aliyezoea milango ya vyumba vya kupanga, aingie kwa kujibana.

"Nyooka!" Patasi akamkemea kutoka uwanjani. "Nyooka upite wewe mwanamke! Pita na beseni lako na makalio yako yote, nimeyapimia!"

Muuza mkaa akamkodolea macho, akasonya sonyo refu la kusikika na jirani wa tatu, akanyooka, akapita.